Mtambo Uliozimwa Bado Una Nguvu

Watu wengi wanaopita kando ya barabara inayojengwa huogopa mtambo unaponguruma, na huusogelea bila wasiwasi unapozimwa. Mimi hutengeneza mitambo mizito na kuisafirisha kwa lobedi, tela lenye sakafu ya chini, katika Nyanda za Juu Kusini, kati ya Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya, na mara kwa mara huteremka nayo hadi Morogoro. Kazi hii imenifunza kuogopa kinyume cha watu wengine. Mtambo unaofanya kazi hujitangaza kwa sauti na moshi, na opareta anaonekana akiwa ndani yake. Ukizimwa hunyamaza, lakini ndani yake yamebaki mafuta ya haidroliki yaliyobanwa, springi zilizokandamizwa, upepo uliojazwa, na pengine chuma cha tani kadhaa kilichoachwa juu hewani. Ajali nyingi za mafundi ninazozifahamu zilitokea injini ikiwa imezimwa, mtu akiwa na spana mkononi, akiamini kwamba hatari imekwisha.

Nguvu hiyo iliyobaki ndani ndiyo inayopanga karibu kila tunachofanya, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi tunapofungua minyororo mwisho wa safari, na ndiyo nitakayoifuata katika kuieleza siku yetu.

Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Mafinga ni za baridi kali, na mitambo inayolala porini katika shamba la miti la Sao Hill huamka imelowa umande. Tukishasalimiana, kamwene kwa kamwene, siendi kwenye boksi la spana. Nauzunguka kwanza mtambo wote kwa miguu. Natazama chini kabla ya kutazama juu, kwa sababu oili iliyodondoka usiku huonekana wazi kwenye udongo kabla nyayo za watu hazijaivuruga, na rangi yake pamoja na mahali ilipodondokea hunieleza inatoka wapi. Kisha napima oili ya injini, maji ya rejeta na mafuta ya haidroliki, na kufungua koki ndogo iliyo chini ya filta ya dizeli ili maji yaliyotuama yatoke. Tangi lililoachwa nusu tupu usiku hubaki na hewa yenye unyevunyevu, na baridi huugeuza unyevunyevu huo kuwa matone yanayozama chini ya dizeli. Ndiyo maana tunajaza tangi jioni, hata kama opareta amechoka na anataka kuondoka.

Kitu kingine ninachokitazama asubuhi ni mahali baketi ilipolala. Opareta mwangalifu huishusha mpaka iguse ardhi kabla ya kuzima injini, na mwenye haraka huacha bumu, yaani mkono mkubwa wa mtambo, ukiwa juu. Bumu, stiki (mkono wa pili unaoshika baketi) na baketi ya eskaveta ya tani 20 vikijumlishwa huzidi tani tatu, na kinachovishikilia hewani ni mafuta tu yaliyofungiwa kati ya silinda na valvu. Sili ikichakaa, mafuta hupenya polepole na bumu hushuka bila mtu kuona. Mpira unaopitisha mafuta ukipasuka, hushuka mara moja. Tunapotaka kujua kama silinda inavuja kwa ndani, tunanyanyua bumu, tunaweka alama kwenye fimbo ya silinda, tunazima injini, kisha tunasubiri na kupima imeshuka kiasi gani. Kipimo hicho ni rahisi na hakihitaji kifaa chochote cha gharama, lakini kina sharti moja ambalo sikubali lijadiliwe: wakati wa kusubiri, hakuna anayepita chini ya bumu, hata kwenda kuokota kofia yake. Kazi ikilazimu mtu aingie chini, tunasimamisha magogo mazito au stendi ya chuma ya kubeba uzito wote, kana kwamba mafuta hayapo kabisa.

Mafuta hayo yenyewe yanastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu hatari yake haifanani na hatari. Pampu ya eskaveta ya kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo unaofikia takriban kilo 350 kwa kila sentimita ya mraba, ilhali tairi la gari dogo hubeba kilo mbili na kitu. Mpira wa haidroliki unapoanza kuchoka, mara nyingi haupasuki kwanza. Hufunguka tundu dogo lisiloonekana kwa macho, na mafuta yakatoka kama ukungu mwembamba. Siku moja, katika barabara ya kuvunia magogo, kijana aliyekuwa akijifunza kazi aliuona ukungu huo karibu na silinda ya stiki.

"Fundi, hapa kuna kitu kinapuliza," alisema, huku akipeleka mkono ili apapase.

Mzee tuliyekuwa naye, fundi aliyeanza kazi kabla sisi hatujazaliwa, alimshika kiwiko. "Toa mkono, mwanangu. Lete kipande cha boksi."

Kijana akaleta karatasi gumu la boksi la filta. Mzee akalipitisha taratibu mbele ya mpira, akiwa amesimama pembeni, na karatasi likachanika mstari ulionyooka kama lililopitiwa na wembe. Hakuongeza neno. Yule kijana sasa ni fundi kamili, na hutembea na vipande vya boksi chini ya kiti cha gari lake.

Mafuta yanayotoka kwa mgandamizo huo hupenya ngozi na kuingia ndani ya kidole au kiganja, na glavu ya kawaida haiyazuii. Jeraha lake mwanzoni ni tundu dogo kama la mwiba, na maumivu yanaweza kuwa madogo sana, hivyo mtu hulifuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Ndani, hata hivyo, mafuta husambaa kando ya mishipa na kuua nyama. Baada ya saa chache mkono huvimba, na mgonjwa akichelewa anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Dawa yake ni upasuaji wa haraka wa kufungua na kusafisha. Kwa hiyo ninasema hapa kwa msisitizo wote nilionao: mwenzako akipigwa na mafuta ya haidroliki, au na dizeli ya injekta, mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, hata kama anacheka na kusema haumwi, na ukifika mweleze daktari kwamba mafuta yaliingia kwa mgandamizo mkubwa. Usiposema, kidonda kile kinaweza kusafishwa juu juu na mgonjwa akarudishwa nyumbani na vidonge. Sisi tunaofanya kazi porini tuko mbali na hospitali kubwa, na kila saa inayotumika kusubiri uvimbe uonekane inatoka kwenye saa za kuuokoa mkono.

Kwa sababu hiyo, kufungua mpira wa haidroliki kuna utaratibu unaochukua muda mrefu kuliko kufungua kwenyewe. Baketi inawekwa chini, injini inazimwa, kisha ufunguo unarudishwa kwenye hali ya umeme bila kuwasha injini, na vishikio vinasukumwa pande zote mara kadhaa ili mgandamizo uliobaki urudi kwenye tangi. Mitambo mingi ina chupa ya chuma iliyojazwa gesi ya naitrojeni, ambayo kazi yake ni kutunza mgandamizo hata injini ikizimika ghafla, ili opareta aweze kushusha bumu au kushika breki. Chupa hiyo huokoa maisha ya opareta, lakini fundi akiisahau, yeye ndiye anayefungua nati yenye nguvu nyuma yake. Baada ya vishikio, tunaachia hewa ya tangi kupitia kifuniko chake, na hapo ndipo spana inaposogea. Upande wa dizeli, injini mpya zenye reli moja ya injekta hubana mafuta zaidi ya kilo 1,600 kwa sentimita ya mraba, na watengenezaji wengine huagiza mtu asubiri dakika 10 baada ya kuzima kabla ya kulegeza bomba lolote. Dakika hizo 10 ndizo matajiri wengi wasizozielewa. Wanaona fundi amekaa juu ya gogo, injini imezimwa, na mtambo hauingizi pesa.

Cheni za kutembelea nazo zina nguvu yao. Ndani ya fremu ya kila cheni mna springi nene iliyokandamizwa, na mbele yake silinda inayojazwa grisi ili kuikaza cheni. Ukitaka kuilegeza, unafungua valvu ya grisi kidogo kidogo, bila kuzidi mzunguko mmoja, ukiwa umesimama kando, kwa sababu valvu ikitoka yote hutoka kwa kasi ya risasi. Springi yenyewe haifunguliwi porini kwa hali yoyote. Inahitaji kifaa cha kuibana, na karakana isiyokuwa nacho haina haki ya kuigusa.

Sehemu kubwa ya siku, hata hivyo, ni kuosha na kupaka grisi. Udongo mwekundu wa Mufindi wakati wa masika hunata kwenye kila kiungo, na kiangazi hugeuka vumbi laini linalopita mahali popote. Pini ya baketi isiyopakwa grisi husagana na bushi yake mpaka tundu linakuwa yai, na kulichomelea na kulichonga upya ni gharama ya kumfanya mwenye mtambo ashike kichwa. Kabla ya kufungua chochote cha haidroliki tunaosha eneo lote, tunalikausha, na tukishafungua tunaziba mdomo wa kila bomba kwa kifuniko safi, maana chembe ya mchanga isiyoonekana ikiingia kwenye pampu hukwangua sehemu zinazopaswa kuteleza bila kugusana. Nimeona mtambo uliobadilishiwa pampu mbili kwa msimu mmoja, wakati ugonjwa wake ulikuwa tangi lililofunguliwa kwenye upepo wa vumbi na kuachwa wazi mpaka mchana.

Mtambo ukimaliza kazi saiti moja huhitajika saiti nyingine, na hapo fundi anageuka kuwa msafirishaji. Naamini kazi hizi mbili zinafaa kuwa mikononi mwa watu walewale, au walau watu wanaozungumza kila siku, kwa sababu anayeujua mtambo kwa ndani anajua pia uzito wake umelala wapi na unaposafiri utataka kwenda upande gani.

Kupakia ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Tunatafuta ardhi tambarare na ngumu, tunavuta breki ya lobedi, tunaweka kabari kwenye matairi, na kuhakikisha rampu hazizidi mwinuko wa nyuzi 15. Cheni za chuma juu ya rampu ya chuma huteleza kama hakuna mbao kati yake, na zikiwa na tope huteleza hata mbao zikiwepo, hivyo tunakwangua tope kwanza. Opareta hupanda moja kwa moja kwa mwendo wa chini kabisa, bila kukata kona akiwa kwenye rampu, huku mtu mmoja tu akimwelekeza kwa mikono. Watu wawili wakielekeza, opareta hana wa kumsikiliza. Mimi husimama mahali ninapoonekana kutoka kwenye kiti chake, na utingo hukaa mbali kiasi kwamba mtambo ukipinduka hautamfikia.

Mahali utakapokaa mtambo juu ya lobedi si suala la macho. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa cha lori, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye matairi pacha. Jumla yake ni tani 50, na ukomo kwa gari lolote, hata liwe na ekseli saba, ni tani 56. Eskaveta ya tani 22 ikisogezwa nusu mita tu mbele au nyuma huhamisha zaidi ya tani moja kutoka kundi moja la ekseli kwenda jingine, hivyo gari lenye uzito halali kwa jumla linaweza kukamatwa kwenye mizani ya Wenda au Makambako kwa sababu ya ekseli moja. Buldoza kubwa kama Caterpillar D8, lenye tani zinazokaribia 38, haliingii katika hesabu hiyo hata kidogo. Hilo linahitaji lobedi yenye ekseli nyingi zaidi na kibali maalumu cha TANROADS, wakala wa barabara, pamoja na gari la kutangulia lenye bendera nyekundu. Hata eskaveta za kawaida huzidi upana unaoruhusiwa, na mzigo wa namna hiyo husafiri mchana tu. Wapo wanaoona vibali kuwa usumbufu. Mimi niliyekutana na basi kwenye daraja jembamba nikiwa na cheni zinazochungulia nje ya lobedi pande zote mbili siwezi kuona hivyo.

Kisha minyororo. Miongozo ya kufunga mizigo inataka vifungo viweze kuuzuia mzigo usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa nyuma na pembeni. Kwa eskaveta ya tani 20 maana yake ni tani 16 za kuzuia mbele, na minyororo myembamba ya kuvutia magari yaliyokwama haifikii huko. Tunafunga pembe nne, mbili zikivuta mbele na mbili nyuma, na bumu ina mnyororo wake. Baketi inalazwa juu ya gogo, kufuli ya kuzuia mwili wa juu usizunguke inafungwa, na ikiwa ni shavelo la magurudumu, pini ya kiunoni inachomekwa ili lisijikunje njiani. Baada ya mwendo mfupi tunasimama na kukaza tena, kwa sababu mtambo hutulia na minyororo hulegea. Tunapima pia urefu kutoka ardhini hadi ncha ya juu kabisa, kisha utingo anautaja kwa sauti kila tunapokaribia nyaya za umeme zinazokatiza barabara vijijini.

Barabara ya kutoka Iringa kwenda Morogoro ni ile ya TANZAM, inayounganisha Tanzania na Zambia. Baada ya Rhodesia (sasa Zimbabwe) kujitangazia uhuru wake mwaka 1965 na njia ya mafuta ya Zambia kufungwa, malori yalipitisha mafuta huku wakati njia ilikuwa bado vumbi na tope, na madereva wazee wa Makambako wanawataja wenzao waliobaki kwenye miteremko hiyo. Lami iliboresha mengi, lakini haikubadilisha mlima wa Kitonga. Ukitoka Ilula, penye matenga ya nyanya na vitunguu barabarani, unafika mahali ambapo barabara inaning'inia ubavuni mwa mlima, ina kona nyingi na malori yanayopanda kwa kujikongoja, mpaka uifikie Ruaha Mbuyuni chini kabisa, kwenye joto na mibuyu.

Hapa nguvu niliyoieleza kwenye silinda na springi inakuwa gari zima. Lobedi ya jumla ya tani 50 inaposhuka mita 100 za wima, kitu fulani lazima kipokee nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji yaliyokuwa baridi. Ukitegemea breki za magurudumu peke yake, joto hilo lote linaingia kwenye lainingi na dramu. Dramu hupanuka na kukimbia lainingi, lainingi nazo zikishaungua hupoteza mshiko, na dereva anakanyaga pedali inayoshuka zaidi kila mara. Harufu ya kuungua ikishafika kwenye kabini, muda uliobaki ni mdogo.

Kwa hiyo Kitonga hushukwa kabla ya kuanza kushuka. Juu kabisa tunasimama, tunasogeza nyuma ya kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa ili kutambua iliyo na joto kuliko wenzake, tunapima mwendo wa fimbo za breki, tunasikiliza upepo unaovuja, na kukagua minyororo yote. Gia inachaguliwa hapo, ikiwa ndogo kiasi kwamba injini na breki ya injini vitalishikilia gari vyenyewe, kwa sababu katikati ya mteremko gia ikitoka huenda isirudi. Breki ya mguu inakanyagwa kwa nguvu mpaka mwendo upungue, kisha inaachiwa kabisa ili ipoe. Haibembelezwi mfululizo. Wapo madereva wanaoliachia gari lishuke bila gia ili kubakiza lita chache za dizeli, na nasema bila kumung'unya kwamba huyo amekopa kwenye maisha ya watu walio mbele yake. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, upande wa Mbeya, umeua watu wengi kwa magari yaliyoishiwa breki. Mtu akinihimiza niwahi, namwacha ahimize. Tukifika chini tunapumzika karibu na mto, tunakula, na kuacha dramu zipoe kwa hewa. Maji hatumwagi, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji hupasuka.

Baada ya hapo ni bonde la mibuyu, kisha kilomita zipatazo 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako tunakwenda polepole kwa ajili ya wanyama, na hatimaye Morogoro. Sehemu hiyo haina mengi ya kusimulia kama matairi ni mazima.

Yakiwa si mazima, yana mengi. Tairi la lobedi hujazwa upepo wa kilo saba au nane, na rimu za zamani zina ringi ya kufungia ambayo, isipokaa sawasawa, huruka tairi linapojazwa na kumpiga aliyeinama juu yake. Tairi la namna hiyo linapaswa kujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, na mtu akiwa amesimama pembeni. Kabla ya kulegeza nati za rimu hizo, upepo unatolewa wote. Nimepita kwa mafundi wa pancha wengi sana kando ya barabara hii, na vizimba nilivyoviona ni vichache mno. Kizimba ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kazi ya siku moja kwa fundi wa geti na madirisha, na sioni sababu yoyote ya kampuni zinazotumia barabara hii kila siku kushindwa kuwachangia watu hawa wanaozihudumia usiku na mchana. Busta za breki za tela nazo zina springi ya nguvu nyingi ndani yake. Lazima ifungwe kwa boliti yake maalumu kabla busta haijatolewa, na zile zilizopigwa riveti hazifunguliwi kabisa, hununuliwa nyingine.

Mambo haya yote yameandikwa. Yapo kwenye vitabu vya mitambo na kwenye vibandiko vya njano vilivyobandikwa juu ya mitambo yenyewe. Lakini eskaveta nyingi zinazonunuliwa huku zimeshatumika Japani, na vibandiko vyake ni vya Kijapani. Nyingine zimeandikwa Kichina, na zilizo nafuu zimeandikwa Kiingereza. Kijana aliyejifunza kazi chini ya mtambo, akimtazama mkubwa wake, hana njia ya kujua maandishi yale yanamwonya nini. Kila mtambo ninaoufanyia sevisi kamili, ninauandikia maonyo kwa rangi ya mafuta, kwa Kiswahili cha kawaida: usifungue kabla ya dakika kumi, usisimame hapa, shusha baketi kwanza. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinawafundisha vijana wengi vizuri, na wanaotoka huko huja tayari wanasoma geji na michoro. Walio wengi katika gereji zetu, hata hivyo, wamejifunza kwa kushika tochi usiku, na hao ndio maonyo yale yanapaswa kuwafikia.

Hao pia ndio wasio na kinga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda watu wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, ambapo mchango wake hulipwa na mwajiri bila kukatwa mshahara wa mfanyakazi. Lakini utingo na saidia fundi kwa kawaida huchukuliwa kama vibarua wa siku, bila mkataba wala jina lao kuandikwa popote, na mkono wao ukipondwa kinachofuata ni mchango wa wenzao na huruma ya tajiri. Tangu mwaka huu nimekataa kuingia saiti na vijana wasioandikwa. Mwenye mitambo ninayemfanyia kazi msimu huu alinung'unika, kisha akakubali kuwapa mikataba na kuwasajili wale wawili ninaotembea nao. Mmoja tayari ana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Wa pili bado anafuatilia yake Mafinga, na eskaveta inayotakiwa kwenda Njombe itapakiwa akirudi.